Saa ya Noti Isifutwe



Mu kikao cha komite ya muziki, siku ya posho iliyopita, kulitoka wazo moja ambalo sasa limezunguka mabweni yote. Wazo ni hili: saa ya noti, ile ambayo wadogo wetu wa mandolini wanafanya kila siku ya ine nyuma ya masomo, isimame mpaka proklamasio ipite. Wanasema wadogo wamechoka. Wanasema wazazi watakuja siku ya proklamasio na sherti wasikie kitu. Wanasema kama tunaacha noti, na tunawafundisha kwa nambari na kwa kuangalia vidole vya wakubwa, vipande vine vitakuwa tayari. Kwa noti, hata kimoja hakijulikani kama kitafika.

Sisi kapita wa wanafunzi, tulio pia mu kundi la mandolini, hatukubali wazo hilo. Tunaomba nafasi mu gazeti letu kusema sababu, maana komite itarudi kukaa siku ya ine inayokuja na itapiga kura.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Kuko mandolini tano mu chumba cha muziki, na moja kati yake inakosa kamba mbili. Kuko wapigaji tisa. Kati ya hao tisa, watano wako wa sita. Nyuma ya Egzamen ya Serikali hao watano hawatakuwa hapa tena: mmoja atakwenda universite, mwingine atarudi kwao, mwingine atatafuta kazi, Mungu anajua. Watabaki wane, na wote wane walishika mandolini mara ya kwanza mwaka huu. Basi kundi lote la mwaka ujao ni wale wadogo wane ambao tunataka kuwaondolea saa ya noti.

Wale walioko hapa tangu miaka mitatu wanakumbuka yaya mmoja aliyekuwa anapiga kipande cha polepole, chenye tremolo ndefu ku kamba ya mi, siku ya Mungu nyuma ya chakula. Hata wapishi walikuwa wanatoka jikoni kusikiliza. Alikuwa amekijifunza kwa masikio, maana alikuwa na kichwa cha ajabu. Alipomaliza masomo alikwenda nacho. Tangu pale tumejaribu kukirudisha. Mmoja wetu anashika mwanzo, mwingine anashika katikati, na ku mwisho watu wanabishana mpaka kengele inalia. Yaya yule hana kosa hata kidogo, alitupa yote aliyoweza kutupa. Lakini kipande hakiko tena. Wadogo wa mwaka huu hawajakisikia, na hawatakisikia.

Watu wanatuuliza: mbona wapiga gitare wanajifunza bila karatasi, na wanapiga kuwashinda ninyi wa mandolini? Ni kweli, hatubishi. Mu Katanga Mwenda Jean Bosco alipiga gitare kwa vidole namna ambayo mpaka leo watu wa nchi za mbali wanaitafuta. Hugh Tracey alimrekodi mu mwaka 1952 kule Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na sauti ile ikazunguka dunia. Hatuwezi kusema masikio ni masomo madogo. Lakini tazameni kitu kilichofuata: mu mwaka 1961 na 1962 mtaalamu mmoja, David Rycroft, alikaa na zile sahani akaandika kwa noti ginsi Mwenda alivyopiga, kidole kwa kidole, na kazi hiyo ilichapwa mu gazeti la African Music. Kijana wa mbali ambaye hakumwona Mwenda hata siku moja anaweza kufungua kurasa zile na kuanza kazi. Masikio yalizaa muziki ule, na noti ziliuchukua zikaupeleka fasi ambapo masikio hayafiki.

Tena gitare iko na wakubwa wake. Mu mtaa wowote wa mji wetu, mwenye kutaka gitare anapata yaya. Anakaa mbele yake, anaangalia mkono, anarudia, anachekwa, anarudia tena. Hiyo ni shule kamili. Mandolini ya klasiki haina yaya mu mji huu. Tumeuliza ku makanisa, tumeuliza ku waalimu, hata ku fundi wa redio anayejua kila mutu. Hakuna. Sisi wakubwa wenyewe tumekuja kuijua kidogo kwa kitabu kimoja cha mafunzo kilichoachwa mu kabati, chenye kurasa zilizokuliwa na mende. Basi mkubwa wetu njo karatasi, na mkubwa huyo hasemi na mutu asiyejua kusoma.

Na mkubwa huyo iko na maneno mingi. Mandolini tunayopiga, yenye kamba nane mbili mbili, ilipata umbo lake mu Napoli, Italia, mu karne ya 18. Kufika mwaka 1768 Gabriele Leone alikuwa amekwisha kutoa mu Paris kitabu cha kufundisha watu wanaotoka ku violini kuingia ku mandolini. Vivaldi aliandika konserto ya mandolini moja na nyingine ya mandolini mbili. Mozart aliipa mandolini kazi mu opera yake Don Giovanni ya mwaka 1787. Beethoven, akiwa kijana wa miaka 25, aliandika vipande vya mandolini mu Prague mu mwaka 1796 kwa ajili ya binti mmoja wa ukoo mkubwa, Josephine Clary, aliyekuwa anaipiga, na vipande vine viko mpaka leo. Hummel aliandika konserto yake mu 1799. Nyuma akaja Raffaele Calace wa Napoli, aliyeishi tangu 1863 mpaka 1934, fundi wa kuchonga mandolini, mpigaji na mtungaji pamoja, ambaye aliacha muziki mingi na vitabu vya mafunzo.

Wote hao wamekufa. Hakuna mwanafunzi mu dunia leo anayeweza kuangalia vidole vya Josephine Clary. Na tukumbuke jambo la Vivaldi, ambalo mwalimu wetu wa muziki anapenda kulisimulia: alikufa mu 1741, na rundo kubwa la karatasi zake za mkono lilikaa limefichika mpaka miaka ya 1920, lilipopatikana na kuwekwa mu maktaba kubwa ya Torino. Karibu miaka mia mbili hakuna mutu aliyekuwa anapiga mambo yale. Siku yalipofunguliwa, hakukuwa hata mzee mmoja wa kusema "ilikuwa hivi". Kulikuwa noti, na kulikuwa watu wanaojua kuzisoma. Ilitosha.

Sasa tuseme juu ya nambari, na tuseme kwa haki. Ile namna ya kuchora mistari mine, mstari mmoja kwa kila kamba, na kuandika nambari ya kichuma cha kushika, inaitwa tablatura. Haiko uvivu wa watoto wa leo. Mu mwaka 1507 Ottaviano Petrucci alichapa tablatura ya luti mu Venezia, na wapigaji wakubwa waliisoma maisha yao yote. Lakini tablatura zile za zamani ziliandikwa alama za muda juu ya nambari. Zile ambazo tunachora sisi mu kaye zetu hazina. Mukimpa mdogo nambari 2, 3, 5 ku kamba ya la, anajua fasi ya kuweka kidole, lakini hajui akae pale muda gani. Sherti awe amesikia wimbo mbele. Kwa hiyo nambari zinamsaidia kukumbuka mutu ambaye anajua wimbo tayari. Mutu asiyeujua, hazimwambii kitu.

Na kuko jaribu lingine rahisi. Mupeleke karatasi ya nambari kwa wadada wa soprano mu kwaya na muwaombe waimbe. Watawaangalia tu. Mupeleke noti: polepole, kwa kubishana, wataimba. Muziki ulioandikwa kwa nambari unakaa ku shingo ya chombo kimoja. Mwenye mandolini hawezi kumpa mwenye filimbi, wala kwaya, wala harmonium ya kanisa.

Hapa tunafika ku shida yenyewe, ile inayowachosha wadogo, na tunaona komite haikuiangalia vizuri. Haiko kweli kwamba wadogo wetu hawajui kusoma muziki. Wote wane wako mu kwaya. Wote wane wanasoma solfa, zile herufi d, r, m, f, kushinda sisi wengine. Mwite mmoja, umpe ukurasa wa solfa ambao hajauona, ataimba sauti yake moja kwa moja. Basi kwa nini mutu huyo anaketi mbele ya mistari mitano na kutoka jasho?

Ni kwa sababu tunampa majina yale yale kwa maana mbili, na hakuna anayemwonya. Mu solfa ya kwaya, do inahama. Mwongozi anaandika juu ya ukurasa Do = G, na G njo jina la Kiingereza la sol yetu. Tangu pale sauti ile ndiyo do. Kesho anaandika Do = F, na do imehamia ku fa. Lakini mu noti za mistari mitano, kama waalimu wa Kifaransa na wa Ubeligiji walivyozieneza kwetu, do haihami hata siku moja. Sasa mdogo anaona noti iliyokaa ku mstari wa pili. Moyo wake wa kwaya unasema do, maana anasikia kwamba hapo ndipo wimbo unapumzika. Yaya wake anasema hapana, hiyo ni sol. Mmoja wao alitupa mediatori chini, akasema: "Yaya, munanidanganya ao kwaya inanidanganya."

Hakuna anayemdanganya. Sisi tunafasiri hivi, na tumeona inasaidia: do ya kwaya ni sawa neno "nyumbani". Kila mutu anasema nyumbani, na kila mutu anafikiri nyumba yake. Do ya noti ni sawa nambari ya parseli. Nyumbani kwangu haiko nyumbani kwako, lakini parseli nambari 14 ni ile ile kwa mimi, kwa wewe na kwa mtu wa posta. Wimbo wa Do = G ni mutu anayeishi mu parseli ya sol. Anaiita nyumbani, na ni haki yake. Lakini kidole chako ku mandolini kinatafuta parseli.

Wanaotaka kujua desturi hizi mbili zilitoka wapi, zote zilikunywa ku chemchem moja. Guido wa Arezzo, mtawa wa Italia wa karne ya 11, ndiye aliyeokota silabi ut, re, mi, fa, sol, la kutoka mu wimbo mmoja wa kanisa, na nyuma ut ikageuka do. Alikuwa na neno moja ambalo lingefaa kusomwa mu komite yetu: waimbaji wa wakati wake walikuwa wanapoteza miaka kumi bila kufika, na yeye alisema kwa njia yake anamfikisha mwimbaji kwa mwaka mmoja, ao miwili ikizidi. Tena jambo alilotaka sana lilikuwa mutu aimbe wimbo ambao hajausikia. Nyuma sana, mu karne ya 19, mama mmoja wa Norwich mu Uingereza, Sarah Glover, na kisha pasta John Curwen, walitengeneza solfa ya herufi kwa watoto na watu wa kawaida ambao hawana pesa ya vitabu vya noti. Wamisioni waliibeba mpaka Afrika, na iko mu kwaya yetu leo. Kwa hiyo mutu anayesema noti ni mambo ya wazungu na solfa ni mambo yetu, aangalie tena. Zote mbili zilikuja kwa meli. Tuliifanya solfa yetu kwa kuitumia.

Wala haiko kweli kwamba watu wa Kongo hawafiki ku noti. Mu Kinshasa, tangu mwaka 1994, kuko orkestra ya Kanisa la Kimbanguiste. Walianza na violini chache ambazo watu walipokezana, na kamba ikikatika walitafuta hata waya za freni ya kinga. Walijifunza noti wakubwa kwa watoto, watu wenye kazi zao, jioni nyuma ya kazi. Mu mwaka 2010 kulitoka filmu juu yao, na watu wa Ulaya walishangaa kuona Beethoven anapigwa vile. Sisi hatushangai. Tunasema tu kwamba walikuwa na shida kushinda zetu, na hawakufuta saa ya noti.

Turudi ku wadogo wane. Tunaona kazi yao haiko kubwa kama inavyosemwa, na tunataka tuonyeshe hapa hapa, hata kwa wale ambao hawajashika mandolini.

Kamba za mandolini, kutoka nzito kwenda nyembamba, ni sol, re, la, mi, sawasawa na violini. Mu mistari mitano, hizo kamba nne zikipigwa wazi, bila kidole, zote zinakaa mu nafasi. Hakuna hata moja inayokaa juu ya mstari. Mi iko mu nafasi ya juu kabisa ya ndani. La iko mu nafasi ya pili. Re inaning'inia chini ya mstari wa chini. Sol iko chini zaidi, chini ya vimistari viwili vya kuongeza. Kutoka kamba moja kwenda nyingine unaruka nafasi moja na kutua ku inayofuata. Mdogo akijua hiyo, amekwisha kupanda nguzo nne, na kinachobaki ni kujaza katikati.

Na katikati kuko noti tatu tu. Kati ya sol na re kuko la, si, do. Kati ya re na la kuko mi, fa, sol. Kati ya la na mi kuko si, do, re. Noti tatu kwa vidole vitatu vya kwanza, na kidole cha ine kinafika ku kichuma cha saba, fasi ambapo unasikia sauti ile ile ya kamba inayofuata. Mutu aliyejifunza table ya kuzidisha ya saba mu masomo ya msingi amekwisha kubeba mzigo mzito kushinda huu.

Upande wa muda, solfa imewafundisha tayari bila wao kujua. Wanajua nukta mbili zinatenga mapigo. Wanajua nukta moja inagawa pigo katikati, na kistari kinavuta sauti ipite pigo lake. Basi nwari ni pigo moja, kroshi mbili ni pigo lililogawiwa kwa nukta, blanshi ni pigo lenye kistari nyuma yake. Tulijaribu hiyo siku ya ine moja, dakika ishirini, tukiandika solfa juu na noti chini ku ubao. Walicheka kwa furaha, maana walijiona wako ku nyumba yao.

Kwa hiyo tunasema: kama saa ya noti inachosha, tubadilishe namna ya kuifundisha. Tuache kuanza na majina ya Kifaransa na kanuni za diezi na bemoli ku ubao muda wa saa nzima, wakati mandolini zinalala mu sanduku. Mdogo aimbe kwanza kwa solfa yake, apate sauti na muda. Kisha aseme noti kwa majina ya parseli, kwa kinywa, bila chombo. Kisha ashike mediatori. Kipande cha vipimo vine kinatosha kwa siku. Na waanze kamba ya la na kamba ya re, ambazo noti zake zinakaa vizuri machoni, kabla ya kushuka ku vimistari vya sol vinavyoumiza macho.

Kuko ugomvi mdogo juu ya kalamu ya risasi, na tunajua watu watatukasirikia. Wakubwa wengine, kwa huruma, wanawaandikia wadogo nambari za vidole chini ya kila noti. Tunaomba hiyo ikome. Jicho ni kitu kivivu. Likiona nambari chini, haliangalii noti juu hata miezi sita. Nambari moja fasi ya hatari, sawa: pale kidole kinapohama, ao pale panapotaka kidole cha ine. Alama za mediatori kwenda chini na kwenda juu, sawa kabisa, maana hizo ni sehemu ya maandishi ya mandolini yenyewe. Lakini nambari chini ya kila noti ni tablatura iliyovaa koti la noti.

Kuna neno moja ambalo komite haikulisema wazi, nasi tunalisema bila kumtaja mutu. Wengine hawapendi noti kwa sababu ya haya. Mpiga gitare mzuri wa kanisa, anayesifiwa na watu wote, anaingia mu chumba cha muziki na kuwa sawa mtoto wa masomo ya msingi anayefuata herufi kwa kidole. Mdogo wa mwaka wa kwanza anamshinda. Hiyo inauma, tunaielewa. Mmoja alikuja mara mbili na hakurudi. Kwa watu kama hao tunaomba waalimu wetu watafute saa ya pekee, hata nusu saa, mlango umefungwa, mpaka miguu yao ipate nguvu. Tunapoteza wapigaji wazuri kwa kitu ambacho mlango uliofungwa ungekitengeneza.

Na proklamasio? Wazazi watasikia nini? Tunaleta pendekezo hili mbele ya komite. Wadogo wane wapige kipande kimoja tu, kifupi, cha sauti mbili, ambacho wamekisoma wao wenyewe kutoka ku karatasi, bila mkubwa kukipiga mbele yao hata mara moja. Kitakuwa cha polepole. Labda watu wa nyuma watacheka, maana watu wa nyuma wanacheka kila mwaka. Wakubwa watano wapige vipande vitatu vingine, wazazi washibe. Hiyo inafanya vine, na ahadi ya komite haivunjiki.

Pendekezo la pili linatuhusu sisi wa sita. Kila mmoja wetu, kabla ya wiki ya Egzamen, anakili kwa mkono kipande kimoja anachokijua, kwa noti safi, wino mweusi, na alama za mediatori na vidole vya fasi za hatari. Asikiandike kwa haraka usiku wa mwisho. Akimaliza, ampe mdogo mmoja akipige mbele yake kutoka ku karatasi. Pale mdogo anapokwama, kosa ni la karatasi, na yaya anatengeneza. Waalimu wanaojua noti tunawaomba wapitishe macho yao kabla karatasi haijaingia mu kabati.

Kile kipande cha yaya wa kamba ya mi, tumeanza kukikusanya pia. Yeyote anayekumbuka sehemu, hata vipimo viwili, hata kama anajua kukiimba tu bila kukipiga, aje. Wapishi pia wanaalikwa, na mmoja wao amekwisha kutuimbia mwisho wake, na inaonekana yeye ndiye alikuwa anasema kweli mu ubishi wote ule.

Karatasi tatu za kwanza ziko tayari mu kabati ya muziki, rafu ya juu, mu bahasha ya kaki. Ufunguo uko kwa mwalimu wa muziki. Komite inakaa siku ya ine nyuma ya masomo, na mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kuingia kusikiliza.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita